Ua Nililochora Mimi, Dada Akasema ni Lake

"Na huyu binti ni nani?"

"Ah, huyo? Huyo ni msichana wangu wa kazi."

Jamani... huyo msichana wa kazi ni MIMI. Na aliyesema hivyo ni dada yangu. Tumbo moja, ziwa moja!

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa sebule na trei ya chai. Vikombe vikaanza kugongana vyenyewe. Nikaibana trei kifuani visisikike.

Mezani kompyuta ya dada ilikuwa wazi. Kwenye kioo kulikuwa na ua kubwa jekundu, petali zimepandana, moja inaonekana kupitia nyingine.

Lile ua nililijua kama ninavyojua kiganja changu.

Mgeni alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Yeye ndiye anayechagua michoro kwenye kiwanda cha mashuka. Aliliona ua hilo kwenye ukurasa wa dada mtandaoni, akaamua kuja mwenyewe.

"Umelichora wewe?" akauliza.

"Mimi mwenyewe, mama. Kila petali."

Uongo!!!

Nikafungua mdomo. Halafu nikafanya kile ninachofanya siku zote. Nikaufunga.

"Kimya, weka chai uende," dada akasema.

Ndiyo, nyumbani wananiita Kimya. Mtaelewa kwa nini.

Niliacha shule darasa la tano, mama yetu alipoanza kuugua. Alipofariki, dada akanichukua nikae kwake. Kusoma nasoma, kuandika ndiyo huku mnakoona. Ila kuongea mbele za watu... hapo ndipo ninapofia.

Dada alisoma takwimu chuoni. Kazi yake ni kuchora grafu kwa programu inayoitwa R. Herufi moja tu, basi! Shemeji humtania, anamwita Madam Grafu. Kwenye hiyo R hushiki kalamu. Unaandika maneno, unabonyeza, umbo linatokea.

Sasa mimi wa darasa la tano niliingiaje humo?

Dada alipojifungua, mtoto alikuwa haachii ziwa. Kazi za ofisi zinamsubiri, mikono yote imekamatwa. Akanikalisha mbele ya kompyuta.

"Andika ninavyokutajia. Herufi kwa herufi."

"Dada, nikiharibu?"

"Andika, bwana! Mtoto ananing'ata hapa!"

Nikawa vidole vyake. Nilijua kuandika border kabla sijajua maana yake.

Maana nikaijua kwa kutazama. Border ni mpaka wa umbo. Ukiiandikia herufi mbili, NA, mpaka unatoweka, inabaki rangi tupu. Density inajaza umbo kwa mistari ya ulalo, kama kivuli mtu anachokwaruza kwa penseli.

Na alpha... jamani, alpha!

Hiyo ndiyo inaamua rangi iwe nzito kama ukuta au nyepesi kama maji. Ikiwa moja, huoni kilicho nyuma. Ukiishusha, petali moja inapita juu ya nyingine, na pale zinapokutana inazaliwa rangi ya tatu. Mara ya kwanza kuiona nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Basi mtoto akilala, mimi nachora maua.

Ila nina tabia moja. Sifuti kitu.

Siku moja nilifuta mstari mmoja tu, kazi yote ikagoma! Maandishi mekundu yakajaa kioo, nikalia. Tangu siku hiyo, petali ikienda kombo naifunika kwa umbo jeupe. Border NA, alpha moja. Nyeupe juu ya nyeupe, nani ataona? Halafu naendelea na safari yangu.

Kumbukeni hilo.

Mgeni alipoondoka, nilimfuata dada jikoni.

"Dada... mbona umesema..."

"Nimesema nini?"

"Msichana wa kazi."

"Sasa ulitaka nisemeje? Kwamba mchoraji aliishia darasa la tano? Yule mama angeaga hata chai hajaonja."

"Lakini ua ni..."

"Limechorwa kwa kompyuta ya nani? Nani alikufundisha? Unakula kwa nani?"

Nikainamisha kichwa. Akaona amenipata, akalainisha sauti.

"Mdogo wangu, fikiria. Ukisema wewe, tunakosa wote. Nikisema mimi, tunapata wote."

"Tunapata nini?"

"Mimi nitapata mkataba wa kuwachorea. Na wewe..."

Akasita.

"Na wewe utaendelea kuchora."

Sijui lile neno lilitoka wapi. Lilitoka tu.

"Sichori."

"Unasemaje?"

"Kuanzia leo, dada, sichori tena."

Alinitazama kama sufuria limemjibu. Kisha akasema taratibu, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi:

"Mfuko wako uko chini ya kitanda. Mlango unaujua."

Sikuwa na pa kwenda, nasema ukweli. Nikaosha vikombe. Nikabembeleza mtoto. Lakini kuchora? Wala! Dada alikuwa akiniwekea kompyuta mezani makusudi. Mimi naipangusa vumbi, naifunga, naenda zangu.

Yeye huku akatuma ua langu kiwandani. Walimwomba aondoe weupe wa nyuma, ili ua likae juu ya shuka la bluu. Hilo lilikuwa jambo dogo kwake. Neno moja tu, karatasi ya nyuma ikawa haina rangi.

Lakini neno hilo linaondoa karatasi tu. Maumbo yangu meupe, ambayo yeye hakuyajua, haliyagusi!

Simu ikaja akiwa anamwogesha mtoto, akaiweka sauti ya juu.

"Binti, shuka la majaribio limetoka. Nakuja nalo mchana huu. Nataka tuongee kuhusu hizi sehemu nyeupe."

Simu ikakatwa.

Dada akanigeukia, sabuni mpaka viwikoni.

"Sehemu nyeupe gani?"

"Zile nilizofunikia makosa."

"Ulifunika makosa kwa NYEUPE?!"

"Hukuniuliza, dada. Ulisema umelichora wewe."

Weee! Alinirushia taulo, akanikabidhi mtoto, akakimbilia kompyuta. Akaanza kufuta maumbo meupe, moja baada ya jingine. Yeye anajua kufuta bila kuvunja kazi, sikatai.

Lakini kila alipofuta, kosa langu la zamani likatoka mafichoni. Petali iliyopinda. Jani lililoota bila shina. Mviringo uliokimbilia pembeni. Shemeji akapita anatafuta soksi, akachungulia.

"Madam Grafu, hilo ua mbona lina mikia?"

"Toka hapa!"

Akatoka na soksi moja.

Dada akanigeukia. Macho yamemjaa machozi, ya hasira au ya hofu sijui.

"Kaa hapa urekebishe. Haraka, kabla hajafika."

"Nitarekebisha."

"Asante, mdogo wa..."

"Lakini akishafika. Mimi nikiwa nimekaa kwenye hicho kiti, na yeye ananiona."

"Unataka kuniaibisha!"

"Nataka kukaa, dada. Basi."

"Kimya, nitakufukuza! Naapa leo nakufukuza!"

Nikamlaza mtoto. Nikaingia chumbani, nikavuta mfuko wangu chini ya kitanda, nikaingiza gauni zangu na kanga ya marehemu mama. Nikauleta mpaka sebuleni, nikauweka katikati ya mlango, mahali ambapo kila anayeingia lazima auone.

"Nimekurahisishia," nikasema.

Dada akauinamia auondoe.

Na hapo hapo... mlango ukagongwa!

Mama wa kiwanda akaingia, akauruka mfuko wangu bila kuuliza. Akakunjua shuka juu ya kochi.

Bluu. Ua langu jekundu katikati. Na madoa meupe kila upande, makubwa kwa madogo, kama mtu kamwaga maziwa. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mama akavaa miwani.

"Nimekuja kwa sababu ya haya meup..."

"Mama, naomba radhi!" Dada hakumwacha amalize. "Hayo si mimi kabisa! Ni huyu msichana! Nikienda kazini anashikashika kompyuta yangu, ndiye aliyeyaweka!"

"Haya meupe?"

"Yote, mama!"

"Una uhakika si kazi yako?"

"Naapa! Hata moja si langu. Muulize mwenyewe!"

Mama akanitazama.

"Ni kweli?"

Mara hii sikuinama.

"Kweli. Yote ni yangu."

Akavua miwani. Akaipangusa. Jamani, ile miwani aliipangusa mpaka nikahisi nazeeka.

"Basi pole, binti," akamwambia dada. "Maana maua mekundu tunayo stoo mpaka tumeyachoka. Shuka hili tulilitundika ofisini, na kila aliyepita alisimama kwenye haya meupe. Mmoja anasema ni mawingu, mwingine anasema ni mwezi umekatika. Nimekuja na mkataba, namtafuta aliyeyaweka."

...

Dada mdomo wazi. Shemeji mlangoni, na ile soksi yake moja, akakohoa.

"Yaani... mama... mimi ndiye nilimwelekeza..." dada akaanza.

"Umeapa, binti. Hata mtoto aliyelala amekusikia."

Kisha akapigapiga kile kiti.

"Njoo ukae."

Nikakaa.

Nikarudisha maumbo aliyoyafuta dada. Halafu nikabadilisha rangi ya nyuma, kutoka nyeupe kwenda bluu. Madoa yakaibuka pale pale kwenye kioo, moja baada ya jingine, kama yanaamka.

Mama akainama karibu.

"Hapa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naficha makosa."

Akacheka mpaka akashika mgongo wa kiti.

"Unaweza kuyafanya mepesi kidogo? Yaonekane ya ndani?"

"Naweza. Nikishusha alpha. Lakini mama... makosa yangu yataonekana."

"Yaonekane!"

Nikashusha. Petali zangu zote zilizopinda zikajitokeza ndani ya mawingu, hafifu, kama kitu kinachopita nyuma ya pazia. Wala hazikuwa mbaya. Muda wote nilizifunika, na hazikuwa mbaya!

"Sasa niambie," mama akasema, "msichana wa kazi umejifunzia wapi haya?"

Nilimwona dada kwa pembeni. Anatikisa kichwa taratibu. Ananiomba kwa macho... nyamaza, mdogo wangu, nyamaza.

Nikageuka kabisa, nimtazame yule mama usoni.

"Kanifundisha huyu. Lakini mimi si msichana wake wa kazi. Mimi ni mdogo wake. Mama yetu ni mmoja."

Sauti ilitetemeka, sikatai. Lakini ilisikika mpaka jikoni.

Mama wa kiwanda akamtazama dada. Hakufoka, hakusuta. Akalikunja shuka lake polepole, akaliweka mapajani kwangu.

Kisha akamwambia dada:

"Chai ya leo, utaileta wewe."

Na aliileta, wapendwa! Mikono yake ndiyo iliyokuwa inagonganisha vikombe siku hiyo. Sukari alisahau. Nikainywa hivyo hivyo.

Ule mfuko haukurudi chini ya kitanda. Niliutoa mlangoni mwenyewe, kwa miguu yangu, baada ya kusaini jina langu kamili kwenye mkataba. Sasa nina chumba changu na meza yangu.

Dada ameomba msamaha. Nimemsamehe kiasi, kingine bado kinapoa. Jumapili naenda kumbeba mtoto wake, maana yeye hana kosa. Ila nikiingia pale naingia kwa mlango wa mbele, na nakaa kwenye kiti.

Somo langu ni hili, na ninalisema mimi ninayeogopa watu kuliko nyoka: usikubali mtu akutambulishe vibaya wakati umesimama pale pale na mdomo unao. Sema wewe ni nani. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, lakini SEMA.

Na siku ukilalia shuka la bluu lenye mawingu, angalia vizuri ndani ya ule weupe. Utaona petali zilizopinda.

Hizo ni zangu. Sizifuniki tena.