Chai Isiyonywewa

Kila asubuhi nilimpitia Verena kwao, tukaandamana kwenda shule kando ya mfereji, tukimegeana mkate na jibini. Kijijini kwetu, upande wa Minya, walisema sisi ni chanda na pete. Jumatatu ile nilipobisha, alichungulia dirishani, macho yamemvimba.

"Yustina, mimi shule ndiyo basi," alininong'oneza. "Jumapili navishwa dhahabu ya uchumba, na binamu yangu Rifaat. Baba kanikataza kutoka nje. Mwambie Tasoni Malaka, tafadhali. Mwambie bado nataka kusoma."

Tasoni, yaani dada yetu, ndivyo tunavyowaita wanawake wanaotufundisha kanisani. Juma lile Tasoni Malaka na wenzake walikuwa wakikusanya maneno ya wasichana. Kina mama wa makanisa ya nchi nyingi wangekutana ng'ambo kudai haki za watoto wa kike, na barua moja ingetoka kwetu.

Alasiri hiyo sisi wasichana tuliketi katika ukumbi wa kanisa. Mmoja alisema amechoka kuachiwa vyombo huku kaka zake wakicheza mpira. Mwingine alilia. Zamu yangu ilipofika wote walinitazama, nami sikuwa na jambo langu. Baba yangu, mchonga mawe wa machimboni, hajawahi kuninyima hata daftari. Nilifungua mdomo niseme habari za Verena, kikatoka kitu kingine.

"Baba anataka kunivisha dhahabu Jumapili," nikasema. "Lakini mimi bado nataka kusoma."

Tasoni alinikumbatia, akasema maneno yangu ndiyo yatakayofungua barua. Wenzangu wakanipigia makofi. Jamani, nilivyovimba kichwa! Sikumfikiria Verena hata mara moja, na njia ya dirishani kwake nikaanza kuikwepa.

Alhamisi kina mama wanne wa kanisa, Tasoni Malaka akiwamo, walikuja kwetu. Baba ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuosha vumbi la mawe. Mama alileta chai yenye sukari tele, lakini hakuna aliyegusa gilasi. Kwetu, mgeni asiyegusa chai ana ombi zito, na hanywi mpaka akubaliwe.

"Karibuni chai, mama zangu," Baba alisema kwa wasiwasi. "Kuna nini?"

"Hatunywi, Baba Yustina, mpaka utupe neno lako," alijibu Tasoni. "Mtoto ana miaka kumi na mitatu tu. Mwache asome."

"Kwani nani kamkataza?"

"Na dhahabu ya Jumapili?"

"Dhahabu gani?" Baba alinigeukia taratibu. "Yustina, nimekuuza lini, mwanangu?"

Hakufoka. Afadhali angenichapa. Aliikunja magotini mikono yake iliyopasuka kwa mawe, mbele ya wanawake aliowaheshimu, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kudanganya tena. Lakini Jumapili ilikuwa mtondo, na kina mama walikuwa wakibembeleza katika nyumba siyo.

"Si mimi," nikalia. "Ni Verena. Alinituma, nikayafanya maneno yake yangu."

"Tangu Jumatatu?" Tasoni aliuliza. "Mwenzako kafungiwa siku nne anangoja msaada, wewe unapigiwa makofi?"

Baba alifunga kilemba chake. "Twendeni. Baba Verena ni jirani yangu. Na wewe tangulia."

Kwa kina Verena chai ilipoa mara tatu. Baba yake alifoka kwamba akivunja ahadi watu watamcheka.

"Mimi leo nimeaibishwa kwa jambo hilihili," Baba yangu akamwambia, "na sijafa."

Yule mzee alimtazama Baba, kisha zile gilasi zilizojaa. "Haya, kunyweni," alisema mwishowe. "Hakuna dhahabu. Atarudi shule."

Verena ndiye aliyeleta chai mpya. Aliponifikia hakuinua macho. "Nilikungoja dirishani kila siku," alisema, akapita.

Njiani nililia. Baba alinishika mkono. "Mwenzako akikupa maneno yake, yafikishe yakiwa yake," alisema. "Ukiyapora, umemfungia mlango mara ya pili."

Jumapili Verena aliandika mwenyewe ile barua ya kwenda ng'ambo. Baada ya ibada alinikazia macho, kisha akanikabidhi nimpelekee Tasoni. Niliibeba kwa mikono miwili, na sikuifungua.