Mhudumu wa Jiweni

Hebu fumba macho kidogo, uione picha hii. Ni ufukwe mwembamba wa Mwamgongo. Dagaa wametandazwa juani, na milima imezisukuma nyumba mpaka zimebakiza hatua chache kuyagusa maji. Upande wa kaskazini kuna jiwe moja kubwa, jeusi, limelala nusu nchi kavu, nusu ziwani. Juu ya jiwe hilo wamesimama watu wazima saba, kila mmoja kanyoosha mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu. Hakuna anayejua jibu. Mikononi wameshika simu, wanatafuta mtandao.

Ndivyo walivyoishi tangu mvua za Machi, radi ilipoupiga mnara wa simu ulioko mlimani. Kijiji kizima kilinyamaza siku ile ile, na kampuni haikumtuma mtu. Ni pale jiweni tu palipopatikana mtandao wa kudokoa, ukija na kukatika.

Miongoni mwa wale saba alikuwapo Rahabu, mjane mkaushaji dagaa, ambaye wengi walimwita Mama Frida. Mkononi alikuwa na kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, kimefungwa mpira ili betri isidondoke.

"Mama Frida," alimtania Leodgar, nahodha wa boti la abiria, "ukiinua zaidi ya hapo atapokea Mungu mwenyewe."

"Akipokea nitamweleza habari za mnara," alijibu Rahabu, na watu wakacheka.

Lakini yeye hakuwa na cha kuchekea. Binti yake, Frida, aliolewa Ujiji, na sasa alikuwa na mimba ya miezi saba. Miaka miwili nyuma, mimba ya kwanza ilipofika mwezi huo huo, uchungu ulimshika Frida akiwa peke yake nyumbani. Alimpigia mama yake mara arobaini. Siku hiyo pia mtandao ulikuwa umekatika. Mtoto alizaliwa kimya, bila kulia hata mara moja. Rahabu alizipata habari baada ya siku mbili, kwa mdomo wa abiria aliyeshuka na gunia la unga. Tangu siku hiyo aliapa kwamba simu ya mwanawe haitampita tena.

Kila siku alipiga huduma kwa wateja. Kila siku aliambiwa abonyeze moja, akapigiwa muziki, akaambiwa wahudumu wote wanawahudumia wengine, kisha simu ikakatika. Mara moja tu alipata binti mwenye sauti ya haraka.

"Uko maeneo gani, mama?"

"Mwamgongo, mwanangu. Kigoma."

"Zima simu yako, halafu uiwashe."

"Mwanangu, kilichozimika ni mnara. Simu yangu ni nzima."

"Jaribu tu, mama."

Jioni yake ukaja ujumbe: Ndugu mteja, tatizo lako limetatuliwa. Rahabu aliusoma akiwa jiweni, kisha mtandao ukapotea.

Siku iliyofuata wenzake waliondoka kwenda kula, naye akabaki peke yake. Ilikuwa saa sita kamili, jua la utosi, saa ambayo kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake. Kwanza alihisi harufu, kama ya tope lililotolewa chini sana ziwani, limechanganyika na chuma cha zamani. Kisha akagundua kwamba hasikii mawimbi. Maji yalikuwa yamesimama kando ya jiwe kama uji uliopoa.

Simu ikaita. Kwenye kioo hapakuwa na namba wala alama ya mtandao. Akaiweka sikioni.

"Rahabu."

"Abee," akaitika.

Hapo tusimame kidogo. Watu wa mwambao ule wana desturi moja, na Rahabu mwenyewe aliwafundisha watoto wa jirani kabla hawajajua kuogelea: ukiitwa jina lako karibu na maji, usiitike wito wa kwanza. Ngoja wa pili. Mwenzako mwenye nia njema atakuita tena. Wavuvi huitana mara mbili, na mke akimwita mumewe ufukweni humwita mara mbili. Lakini simu imewafundisha watu haraka. Simu ikiita unapokea, ukitajwa unaitika. Rahabu hakukumbuka hata kidogo kwamba alikuwa amekaa juu ya maji.

"Tumepokea malalamiko yako," ilisema sauti. Ilikuwa ya kike, laini, wala haikukatika. "Tunaomba kuhakiki taarifa zako. Namba unayoipigia zaidi ni ya nani?"

"Ya binti yangu, Frida."

"Mama yake mzazi anaitwa nani?"

"Si ndiye mimi!"

"Taja kwa sauti, tafadhali."

"Rahabu binti Elikana."

"Kuna mwingine anayetarajiwa kuungwa kwenye laini hii?"

Rahabu akacheka kwa furaha ya kusikilizwa. "Labda mjukuu. Lakini huyo hata hajazaliwa."

"Jina lake?"

"Bado hatujampa."

Sauti ikanyamaza. Nyuma yake yalisikika maji yakimiminika taratibu, kama mtungi unaojazwa. "Usihangaike, mama," ikasema. "Tutalijaza sisi. Asante kwa kutumia huduma zetu."

Kuanzia saa ile simu ya Rahabu ilishika mtandao kila mahali. Ilishika nyumbani, ilishika jikoni, ilishika hata chini ya mto wa kulalia. Simu nyingine zote kijijini zilibaki kama matofali. Majirani walipanga foleni kuazima, lakini Leodgar alipojaribu, aliirudisha upesi huku akijifuta sikio.

"Mama Frida, humu ndani kuna mtu anajaza maji."

"Wivu tu," alisema Rahabu. Hata hivyo aligundua kwamba kiganja cha Leodgar kimelowa.

Siku ya tano Frida alipiga mwenyewe.

"Mama, kwa nini unaniita mchana nikiwa nimelala?"

"Nani? Mimi?"

"Saa sita. Simu inaita, napokea, unasema 'Frida,' mara moja tu, nami naitika. Halafu unaniambia nije, maji ni mazuri." Sauti yake ilikuwa ya usingizi. "Mama, jana niliamka nimekaa mlangoni. Miguu yangu ilikuwa na mchanga."

Kabla Rahabu hajajibu, simu ilichukuliwa na mkwewe, Nehemia, ambaye alinong'ona kama mtu anayeogopa kusikiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Sitaki kukutisha. Leo nimemkuta ziwani. Maji yalikuwa yamefika magotini, simu iko sikioni, anasema 'abee, abee, nakuja.' Nilipomshika mkono alinitazama kama hanijui. Mama, tafadhali, usimpigie tena."

"Nehemia, sijampigia mimi."

Na hapo, kati yao, wote wawili walisikia mtungi ukijazwa.

"Funga mlango," alisema Rahabu. "Ficha simu yake. Akiitwa, mzibe masikio kwa mikono yako."

Alitoka mbio bila kanga ya pili mpaka kwa Bi Mwanvua. Mwanamke huyu alizaliwa Ujiji, katika ukoo uliotoka Kongo zamani, na kazi yake ilikuwa kuchaji simu za watu kwa sola. Babu yake alikuwa mganga anayejulikana pande zote mbili za ziwa. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba babu alifukuza majini, na yeye anafukuza nzi wasikae kwenye chaja.

Safari hii hakutania. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Uliitika wito wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Ukamtajia na jina la mama mzazi." Bi Mwanvua alishika kichwa. "Mwenzangu! Babu alikuwa akiuliza hayo hayo kabla hajamshika mtu: jina lako, na jina la mama aliyekuzaa. Ukiwa navyo hivyo viwili, umemshika mtu kwenye kitovu. Yule wa jiweni alikuwepo kabla ya mnara, kabla ya kijiji. Ana pumzi ya kuita mara moja tu. Kwa miaka yote hii amekosa wa kumwitikia, na wewe umempelekea sikio mpaka jiweni kwake."

"Nifanye nini, dada yangu? Nishike boti la alfajiri niende Ujiji?"

"Ukienda utakwenda naye. Kesho saa sita ukae pale pale, simu haina laini, haina betri. Ataita tu. Usiitike. Alichopata kwa kuitikiwa hukitapika kwa kunyimwa. Umempa majina mangapi?"

Rahabu alihesabu. Lake, la Frida. "Mawili."

"Basi ataita mara mbili, kwa sauti mbili. Uume nguo, ung'ate ulimi, lakini usiitike."

Kesho yake walipanda jiweni pamoja. Bi Mwanvua alifukiza ubani, akamwaga chumvi kuzunguka, akaitoa laini na betri na kuvifunga kwenye kitambaa. Ganda tupu la simu akaliweka mapajani mwa Rahabu. Wakangoja. Kivuli kikapungua, kikapungua, kikaingia chini ya miguu. Mawimbi yakasimama. Harufu ya tope na chuma ikapanda, nzito kiasi cha kuuzima ubani, na lile ganda, lisilo na betri wala laini, likaanza kutetemeka juu ya magoti yake kama panya aliyeshikwa.

"Mke wangu," ikasema sauti ya marehemu mumewe, yule aliyezama akiwa kwenye uvuvi miaka kumi iliyopita.

Rahabu aliuma pindo la kitenge. Machozi yalimtoka, lakini mdomo haukufunguka, na ile sauti ikasubiri, ikasubiri, mpaka ikazama.

Kisha ikaja ya pili. "Mama," alisema Frida, akihema kwa uchungu, kwa sauti ile ile ambayo Rahabu alikuwa ameisikia kichwani kila usiku kwa miaka miwili, sauti ya mtoto wake akipiga mara arobaini bila kupokelewa, na ingawa alijua kwamba laini iko kwenye kitambaa cha Bi Mwanvua, na kwamba Frida amefungiwa ndani na mumewe, na kwamba hakuna simu duniani inayoita bila betri, moyo wake uliinuka kama mtu anayesimama, na akalazimika kujishika koo kwa mikono yake miwili ili kulizuia neno moja dogo lisitoke. Halikutoka. Ganda likatulia. Wimbi la kwanza likapiga jiwe, chwaa, na ndege wakarudi.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanvua, jasho likimtiririka. "Imekwisha. Litupe ziwani, uje." Akaanza kushuka, akiokota chetezo chake.

Rahabu alisimama, akalitupa ganda mbali kadiri alivyoweza. Lilizama. Na pale lilipozama, taratibu sana, kutoka chini ya maji, mtoto mchanga alilia.

Kilikuwa kilio cha kwanza, kile cha mtoto anayetoka tumboni. Kile ambacho Rahabu alikingoja miaka miwili iliyopita na hakukipata. Alikuwa amechoka, alikuwa amelegea kwa furaha, na mwili wa bibi una mazoea yake.

"Abee, mama," alisema, kwa upole, kabla hajajua kwamba amesema. "Abee."

Kilio kikakoma.

Aligeuka kumtazama mwenzake. Bi Mwanvua alikuwa ameshafika mchangani, hakusikia kitu. Rahabu alishuka polepole. Hakumwambia. Siku hiyo alijiambia kwamba ni ndege.

Wiki moja baadaye mafundi walikuja, wakapanda mlimani na kutengeneza mnara. Mtandao ukarudi kijiji kizima, na lile jiwe likabaki na watoto wanaoanika nguo. Frida hakwenda tena ziwani. Mimba ya Frida ilipoingia mwezi wa tisa Rahabu alikuwa tayari Ujiji, na alikuwepo mtoto wa kike alipozaliwa, mzima, mnene, analia kwa nguvu. Wakampa jina Agnesi. Bibi alikisikiliza kile kilio, na wakunga wakashangaa kumwona amekaa chini sakafuni. Alikuwa amekitambua.

Sasa Agnesi ana mwaka mmoja na nusu. Ni mtoto mzuri, hana ugonjwa. Lakini ukimwita Agnesi hageuki. Mwite mara mbili, mwite mara tatu, piga makofi, ataendelea kucheza na vifuniko vyake vya soda. Nehemia alimpeleka hospitali, wakampima masikio. Yanasikia vizuri kabisa.

Na saa sita mchana, majirani wakiwa wamejifungia ndani kukimbia jua, mtoto huacha kucheza. Huinua kichwa na kuelekea ziwani, ambalo halionekani kutoka uani kwao. Husikiliza, kama mtu anayeitwa jina lake. Kisha hutabasamu, na kusema neno ambalo hakufundishwa na mtu yeyote katika nyumba ile, neno lake la kwanza, na mpaka leo ndilo pekee alilonalo.

"Abee."

Frida hucheka, husema mtoto ana adabu. Rahabu, anayeishi nao sasa, humbeba haraka na kumwingiza ndani, na kila mara hukuta nywele za mtoto zimelowa.

Sitaki usiku huu ulale kwa hofu, mpenzi msomaji. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu, dogo, jepesi hata kwa mtoto: ukiitwa, ngoja wito wa pili.