Medina na Mfupa wa Chuma

Haki ya Mungu, kila neno la habari hii ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi hata chembe moja, mbuzi wote wa Koboko wajipange barabarani wanicheke.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Medina alifagia ua, akachota maji, kisha akapasha moto mafuta ya simsim. Mafuta hayo hayakuwa ya kupikia. Yalikuwa ya bibi yake, Habuba Kadijah, mkandaji wa viungo. Watu walitoka mbali huko Abuku wakichechemea ili wakandwe naye. Ilisemekana aliwahi kukanda meza iliyovunjika mguu, na kesho yake meza ikaenda sokoni yenyewe. Kwenda kwenyewe sikukuona, lakini meza niliiona.

Habuba alikuwa na sharti moja: mgonjwa wake halii. “Anayepiga kelele anayaita maumivu yarudi,” alisema. Wagonjwa waliuma kitambaa, wakakandwa, wakanyamaza. Na hakuna aliyejivunia sharti hilo kama Medina, msichana wa miaka kumi na mitatu, mshambuliaji wa timu ya shule.

Siku moja mguu wake wa kulia ukaanza kuuma juu kidogo ya goti. Akadhani amepigwa na mpira. Habuba akaukanda jioni ile, na jioni nyingine, na nyingine. Badala ya kupungua, uvimbe ukakua, ukawa mgumu kama muhogo.

“Unaendeleaje, mjukuu wangu?”

“Nimepata nafuu, Habuba.”

Ulikuwa uongo. Usiku maumivu hayakumpa usingizi. Lakini mkekani wagonjwa walikuwa wamekaa wakisikiliza. Mjukuu wa mkandaji asipopona, nani atakuja tena? Medina akauma kitambaa chake, akatabasamu.

Sikukuu ya Idi ilipofika, alikwenda mjini Arua kwa shangazi yake, Shamim, anayeuza chapati katika mtaa wa Oli. Asubuhi moja shangazi alimkuta akifua nguo.

“Wee Medina! Mbona unafua umesimama kama korongo?”

“Nimezoea tu, Shangazi.”

“Umezoea wapi? Hebu chuchumaa nione.”

Medina akajaribu. Goti likakataa, jasho likamtoka. Shangazi Shamim akainua sketi kidogo, akaona uvimbe. “Hii iko hapa tangu lini?”

“Juzi.”

“Juzi ya mwaka gani?” Chapati zikaachwa zikiungua. Shangazi akaita bodaboda, wakaenda hospitali.

Daktari Drateru alimtuma Medina akapigwe picha ya mfupa. Aliitazama picha hiyo kwa muda, kisha akauliza, “Mguu huu umekandwa?”

Medina akatazama sakafu. Akisema ndiyo, Habuba atalaumiwa.

“Mwanangu, simtafuti wa kumlaumu,” daktari akasema. “Natafuta ukweli ili niuokoe mguu wako. Ukinificha, nitakuwa kama mtu anayetafuta njia gizani.”

Basi Medina akasema yote: maumivu ya usiku, mafuta, kitambaa, na ile “nafuu” ambayo haikuwapo. Alipomaliza alihisi ametua mzigo wa kuni.

“Mfupa wa paja unaliwa kwa ndani,” Daktari Drateru akamwambia Shangazi. “Nahofia ni saratani. Aende Kampala bila kuchelewa, wachukue kipande kidogo wakipime. Kuanzia leo mguu huu usikandwe, usichanjwe chale.”

Kesho yake asubuhi, alipopata habari, Habuba Kadijah akatokea hospitalini, chupa ya mafuta mkononi. Alikuja kwa kasi hata vumbi la barabara ya Koboko likafika Arua nyuma yake likihema.

“Nimekuja kumchukua mtoto wangu!” akasema. “Huko Kampala watu wanakatwa miguu kama kuni!”

Daktari Drateru hakubishana. Aliinua picha mbili mbele ya dirisha. “Mama, huu ni mguu wake mzima. Na huu ndio unaouma.”

Habuba aliijua mifupa kwa ncha za vidole, hakuwahi kuiona. Akaisogelea picha. Mfupa mmoja ulinyooka safi kama mwiko mpya. Mwingine ulikuwa umechakaa juu ya goti kama ubao ulioingiwa na mchwa. Akaupitishia kidole taratibu.

“Mfupa ulioteguka naujua,” akasema polepole. “Huu siujui. Kumbe nilikuwa nakanda moto. Medina, mbona hukulia?”

“Ulisema wagonjwa wako hawalii, Habuba.”

Bibi akaiweka chupa dirishani na kuiacha hapo. Akamshika mjukuu wake mabega. “Twende Kampala. Na njiani ukiumia, lia mpaka dereva asimamishe basi.”

Kampala walithibitisha: ilikuwa saratani ya mfupa wa paja. Kwanza Medina alitiwa dawa kali kwa njia ya mshipa, ili kuudhoofisha ugonjwa. Alitapika, akakonda, nywele zikamtoka. Dawa zilipofanya kazi yake, akaitwa na Daktari Margarita, mpasuaji mfupi mwenye sauti ya kocha. Mezani kwake palikuwa na kitu cha chuma king'aacho.

“Tutaondoa sehemu ya mfupa yenye ugonjwa pamoja na goti,” akaeleza. “Mahali pake tutaweka hiki. Upande huu unaingia ndani ya mfupa mzima. Hapa ndipo goti, linakunjika kama bawaba ya mlango. Misuli yako, ngozi yako na mguu wako vitabaki.”

Habuba akakigusa kile chuma kwa kidole. “Hakitapata kutu?”

“Hakipati kutu, Mama.”

“Na radi?”

“Radi haina habari nacho.”

Wote wakacheka isipokuwa Medina. “Daktari, nitacheza mpira?”

Daktari Margarita akavuta kiti karibu. “Sitakudanganya. Kutembea, ndiyo. Kupanda ngazi, ndiyo. Kukimbia na kupiga mpira, hapana. Mfupa ukivunjika hujiunga wenyewe, chuma hakijiungi. Lakini ungechelewa zaidi, saratani ingeshika mishipa mikubwa, na hapo tungelazimika kuukata mguu.”

Medina akalia kwa sauti, bila kitambaa. Hakuna aliyemnyamazisha. Alipomaliza akafuta macho, akasema, “Basi nataka kutembea.”

Siku ya upasuaji, Habuba alikaa nje ya chumba akiomba Mungu. Ndani walitumia msumeno na nyundo kama maseremala, lakini mikono yao ilikuwa na upole wa mtu anayemvua shati mtoto aliyelala. Walipima, wakakata, wakaingiza chuma, wakairudisha misuli mahali pake. Daktari Margarita alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. “Mguu upo,” akasema. Habuba akaitazama mikono ile iliyofanya kazi ambayo yake isingeweza, akaibusu.

Kazi haikuishia hapo. Dawa za mshipa ziliendelea, na kila siku alikuja Adriko, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

“Kunja goti. Zaidi. Zaidi kidogo.”

“Aaai! Inatosha!”

“Vizuri sana! Ukiniambia inauma wapi, najua wapi pa kusimama.”

Medina alikunja, akalia, akapumzika, akakunja tena. Akatoka kitandani kwa magongo mawili, baadaye gongo moja.

Aliporudi Koboko, ua ulijaa watu. Mama mmoja alikuwa amemleta binti yake mwenye mkono uliovimba. Habuba akauliza, “Alianguka?”

“Hapana, Habuba. Umevimba tu. Usiku hauachi kuuma.”

Habuba akarudisha mikono yake mapajani. “Huyu simgusi. Mpeleke hospitali leo, wapige picha.” Kisha akawageukia watoto. “Sikieni nyote. Niliwafundisha kunyamaza, nikakosea. Ushujaa si kuficha maumivu. Mtoto shujaa ni yule anayesema kweli mapema, hata kama kweli hiyo itamwaibisha bibi yake. Mguu wa Medina uliokolewa na madaktari hodari, lakini wasingeuokoa kama angeendelea kuficha.”

Kesho yake Medina akatupa gongo, akaingia uwanjani, akafunga mabao matatu. La mwisho alilipiga kwa mguu wa chuma; mpira ukatoboa wavu, ukavuka mpaka wa Kongo, na hadi leo Wakongo wanautafuta...

“Uongo!”

Mimi, mzee jirani yao, nilikuwa nikimsomea Medina habari hii uani kwao. Alisimama, akachukua karatasi mkononi mwangu.

“Babu Lokule! Mtoto mwenye mguu kama wangu akisoma haya akakimbia, je? Kazi yote ile ya Daktari Margarita aivunje kwa sababu yako?”

Nikakohoa. Nikasema ni utamu wa hadithi. Nikachungulia barabarani nione kama mbuzi wamejipanga. Habuba hakucheka. “Faini,” akasema, akaniwekea gunia la mahindi ya kupukuchua, na ungo.

Basi nilipukuchua mpaka vidole gumba vikaota malengelenge, huku Medina akiyafuta mabao yangu matatu kwa kalamu. Mahali pake aliandika maneno yake mwenyewe: “Natembea kwenda shule.” Hilo msibishe. Nimemwona.