Tabaga Lililorudi Tupu

Mvua ya Koboko haina adabu. Siku ile ya soko ilishuka bila hata kunguruma kwanza, watu wakatawanyika na mihogo yao, na kijana mmoja mrefu, suruali ya bugaluu, shati la kola ndefu, akaingia mbio chini ya bati la Sadiya, akanyakua kitu cha kwanza alichokiona akajitwika kichwani ili aendelee na safari yake.

"We! Weka chini!"

"Dada, mvua itaniua."

"Ikuue! Hiyo si kofia. Hiyo tabaga, ya kufunika chakula."

"Basi leo kichwa changu iko chakula. Nifunike."

Waliojibanza pale wakacheka mpaka wakakohoa. Sadiya hakucheka. Tabaga moja lilimla wiki tatu, anasuka ukindu wa rangi kwa mkono mpaka vidole vinawaka moto. Alisimama na shuka lake la maua ya zambarau, mtandio mweupe umemwangukia mabegani, mkono kiunoni. "Umelivaa, umelinunua," akasema.

Akalinunua, maskini. Wiki iliyofuata akanunua lingine. Wiki ya tatu hakununua kitu, alikaa tu kwenye gunia akiongea upuuzi, na Sadiya akajikuta anacheka. Ndivyo yalivyoanza.

Jina lake Lukumani. Mkakwa, Mwislamu, wazazi wake walima muhogo, yeye seremala kule Arua. Sadiya alikuwa Mnubi wa mjini, baba yake alifia jeshini, akalelewa na baba yake mdogo Hamuza na mkewe Mama Rabia. Mwaka mzima walipendana, na mtaa mzima ulijua.

Halafu, katikati ya mwaka sabini na saba, Hamuza akatangaza kwamba nyumba nzima inahamia Bombo. Biashara Koboko imekufa, ndugu zake wako huko, lori limepatikana, Ijumaa ya mwisho wa mwezi wanaondoka.

Mikeka ikakunjwa. Masufuria yakafungwa kwa kamba. Sadiya alikuwa anafungasha huku machozi yanadondokea vyombo. Bombo! Ukishafika huko, nani atakurudisha?

"Baba, na Lukumani?"

"Kama anakutaka, tutamwuliza kwa njia yetu," Hamuza akajibu. "Akikubali, utashukia Arua kwake. Asipokubali, utapanda lori kama wengine."

Njia yao ilikuwa hii. Mposaji hupelekewa sinia la chakula limefunikwa tabaga zuri kuliko yote. Likirudi na kitu ndani, hata chumvi ya kubana kwa vidole, amekubali. Likirudi tupu, amekataa, na jina lake halitajwi tena nyumbani. Hakuna aliyewahi kumweleza Lukumani. Nani angefikiri kuna mtu hajui?

Siku ile ile Lukumani alipiga simu posta ya Koboko. Sadiya akashika mkono wa simu, karani akajifanya anapanga barua.

"Mpenzi wangu, nimepata chumba," sauti ikaja ikikwaruza. "Karibu na soko. Unahitaji nini?"

"Ukuta."

"Ukuta iko nne."

"Nina matabaga saba ya kutundika. Tafuta misumari."

"Sadiya, mwaka huu msumari unatafutwa kama dawa!"

"Na mimi je? Napatikana dukani?"

Karani akacheka waziwazi. Sadiya alirudi nyumbani anatembea juu juu. Kesho yake Mama Rabia akachinja jogoo, akapika kisra, ile mikate myembamba ya Kinubi, na Sadiya mwenyewe akafunika kwa tabaga jekundu na jeusi. Severino, dereva wa lori, akalipeleka.

Lilirudi baada ya siku mbili. Hamuza akafunua mbele ya watu wote.

Tupu.

Na si tupu tu. Jamani, tabaga huwa linapanguswa kwa kitambaa kikavu, halioshwi! Nyekundu ilikuwa imechuruzika ndani ya nyeusi, ukindu umevimba. Sadiya akaliinua karibu na uso, akasikia harufu ya sabuni. Sabuni ya kuogea, ya manukato! Mwaka ambao watu wanafulia majani ya mpapai, ni nani huko Arua mwenye sabuni ya kuchezea, kama si mwanamke? Mwanamke amekula kuku wake, kisha akamharibia na tabaga.

Siku tatu hakula. Lukumani alipopiga simu, alikwenda posta ili tu amtukane.

"Usiniite mpenzi. Mwite huyo aliyekuoshea vyombo."

"Nani? Sadiya, vyombo gani?"

Akaweka simu chini kwa kishindo. Alipopiga tena, karani, kama alivyoagizwa na Sadiya, alimjibu kwamba binti amekwisha hama.

Ijumaa wakapanda lori. Vumbi jekundu likawafuata mpaka Arua, na hapo Severino akakuta foleni ya dizeli imezunguka kona. "Saa tatu hapa," akasema, akazima injini. Watu wakashuka kunyoosha miguu. Sadiya alikaa juu ya magunia amekumbatia lile tabaga, moyo unamchoma. Kuanzia kesho hatamwona tena mtu yule maisha yake yote, na hata hajamwambia usoni. Hapana! Akaruka chini, akaulizia chumba cha Lukumani seremala.

Uani kulikuwa na mwanamke mnene anafagia, mpangaji wa chumba cha pili, Paska.

"Wewe Sadiya?" Paska akauliza kabla hata ya salamu. "Ni mimi Paska. Huyu mutu wako ametuchosha. Sadiya hivi, Sadiya vile. Sasa wiki mbili hali, haongei, anapiga randa tu."

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, Lukumani, macho mekundu, mashavu yamebonyea ndani, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda kipya kisicho na kamba. Na ukutani, misumari saba imepangwa mstari mmoja.

Sadiya akaingia moja kwa moja. Akamtupia tabaga kifuani.

"Nani aliliosha?"

"Mimi."

"Mwongo! Na sabuni ya nani?"

"Yako! Kipande nilichokutunzia, nilikipata kwa mfanyabiashara wa Zaire, nikasema Sadiya akifika aoge. Mchuzi ulilimwagikia. Kwetu chombo cha mtu ukirudisha kichafu, umemdharau mwenyewe. Nilisugua mchana kutwa, nikaona rangi inakimbia, nikasugua zaidi. Nilidhani umekasirika sababu nimeliharibu."

"Na ndani? Kwa nini hukuweka kitu ndani?"

"Niweke nini?"

Sadiya akakaa chini sakafuni. Akalia, akacheka, akalia tena, akamweleza. Lukumani akashika kichwa kwa mikono miwili. "Wallahi, Sadiya, nilikukataa bila kujua?"

Honi ya lori ikalia. Foleni imesogea.

"Tafuta kitu! Chumvi!"

Kopo la chumvi, tupu. La sukari, tupu toka Ramadhani. Lukumani akapindua chumba kizima, mwishowe akachomoa dirishani kipande cha sabuni kilichobaki, kidogo kama ukucha wa gumba. Akakiweka ndani ya tabaga, wakakimbia.

Hamuza alikuwa amekwisha kaa mbele na dereva. Lukumani akapiga magoti vumbini, akamnyooshea tabaga kwa mikono miwili. Mzee akachungulia, akakichukua kile kipande, akakinusa muda mrefu.

"Ni ile ile harufu ya tabaga," akasema, akakirudisha ndani. "Kijana, sisi tulikutukana wiki mbili."

"Shikamoo, Baba. Nisamehe. Niliosha mwenyewe, desturi yenu sikuijua."

"Severino! Usisogee. Msikiti uko wapi?"

Ndoa ilifungwa baada ya alasiri, Severino akingoja dizeli, bwana harusi ana maranda kwenye nywele. Lakini sanduku la Sadiya na matabaga yake sita vilikuwa chini kabisa ya magunia, na foleni haimngoji mtu. Mama Rabia alimkumbatia mtoto wake wa kulea, akamvika mtandio wake mwenyewe, akapanda juu akilia kwa sauti. Lori likaondoka. Sadiya alilikimbilia mpaka kona, akasimama pale mpaka vumbi likatulia. Hakujua atawaona lini.

Jua lilipoelekea kuzama alitundika lile tabaga lililochuruzika kwenye msumari wa kwanza. Paska akapiga hodi na bakuli la osubi, mboga ya majani ya kunde. "Mgeni hawezi lala njaa," akasema.

Walipomaliza kula, Lukumani akainuka na bakuli kwenda kuliosha.

"Ulioshe tu kwa maji," Sadiya akamwambia. Akakikata kile kipande cha sabuni katikati kwa wembe, akaweka nusu ndani ya bakuli, akaenda mwenyewe kumrudishia Paska.