Mwanga Kutoka Goulburn

Mchana ule Tamsin alikuwa anakula pai ya nyama juu ya meza ya maabara yake mjini Canberra, jambo alilowakataza wengine wote. Nyuma yake, ndani ya friji ya baridi kali, kulikuwa na fuwele iliyoweza kuutunza mwanga kama mtu anavyotunza kumbukumbu. Pacha yake ilikuwa Goulburn, mwendo wa saa nzima kwa gari. Kila moja ilirusha mwanga kwenye mkongo wa nyuzi za kioo, mamia ya chembe kwa mpigo badala ya moja moja, hadi kituo cha katikati. Zikikutana pale, spika ya Tamsin hulia: tik. Hapo fuwele mbili zimefungamana. Ukiisoma hii, jibu la ile unalo.

Spika ilikuwa kimya tangu mazishi ya Lachie, aliyeshughulikia upande wa Goulburn. Chumba chake kilifungwa, umeme ukakatwa.

Siku aliyokufa, king'ora cha kuonya hewa ikipungua chumbani mwa Lachie kilikuwa na kijitaa chekundu, na mwanga wake mdogo uliharibu vipimo.

"Kizime, Lachie," Tamsin alimwambia kwenye simu. "Nusu saa tu."

"Sawa, bosi. Nikifa, bia zangu usiguse."

Walicheka. Gesi ya kupozea ikavuja, ikaifukuza hewa chumbani, na hakuna kilicholia.

Sasa simu iliita. Alikuwa Leanne, mjane wa Lachie.

"Tam, kazini wanasema alikuwa mzembe. Wanangu wamesikia hadi shuleni. Ni kweli alikizima king'ora kwa akili yake?"

Tamsin aliiweka pai mezani.

"Ndiyo," alisema. "Kwa akili yake."

Akakata simu.

Tik.

Aligeuka. Ili spika ilie, lazima mwanga ufike kutoka pande zote mbili.

Tik.

Alizima mtambo wake. Tik. Akachomoa mkongo ukutani. Tik, tik. Taratibu, kama ukucha kwenye mlango.

Akampigia Leanne.

"Tam?" Leanne alinong'ona. "Mbona unahema hivyo?"

Tamsin alikuwa amebana pumzi.

"Mimi ndiye niliyemwambia akizime, Leanne. Mimi."

Kisha simu ikakatwa. Spika nayo ikanyamaza.

Jioni hiyo Leanne aliwaambia wanawe ukweli. Na Tamsin hajawahi kuongea naye tena.

Kesho yake friji zote mbili zilifunguliwa. Fuwele zote mbili zilikuwa na ukungu, kama kioo cha dirisha kilichopumuliwa kwa karibu. Fundi aliifuta ya Canberra kwa kitambaa. Akafuta tena.

"Hautoki," alisema kwa sauti ya chini. "Uko ndani."