Mteja wa Siri na Mlango wa Jikoni

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa nane. Manyunyu yalianza kabla ya jua kuchomoza, na hadi wakati wa chai mbingu ilikuwa bado imenuna. Msichana mmoja wa darasa la sita, ambaye wote nyumbani na shuleni walimwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea, alifagia sebule, akaosha vikombe, kisha akamsaidia bibi yake kutandika kitanda. Ndivyo alivyofanya kila Jumamosi. Lakini siku hiyo mikono ilikuwa kazini na moyo ulikuwa kwingine.

Shangazi yake alikuwa akipiga pasi gauni lake la buluu, lile la kwendea harusini. Siku nyingine shangazi alikuwa fundi cherehani tu, mwenye futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni.

"Hebu tukumbushane," shangazi alisema. "Leo sisi ni nani?"

"Wateja wa kawaida."

"Tumetumwa na nani?"

"Hatukutumwa na mtu. Tumekuja kula."

"Vizuri. Na usikodoe macho kama umeingia ikulu."

Mwenye mgahawa mkubwa hawezi kujua wahudumu wake wanafanyaje wakati yeye hayupo, kwa sababu akiingia mlangoni kila mtu anatabasamu. Kwa hiyo hulipa kampuni, nayo kampuni humtuma mtu asiyejulikana aende kula, aangalie, kisha aandike alichokiona. Huyo huitwa mteja wa siri, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya pembeni ya shangazi. Shangazi alilipia chakula kwa fedha zake kwanza. Ripoti ikikubaliwa, kampuni ilimrudishia gharama na kumwongezea ujira kidogo. Ikikataliwa, alikuwa amekula kwa hasara yake.

"Kwa hiyo utatajirika, shangazi," Chiriku alisema.

"Nitajirike kwa sahani ya kuku? Inanisaidia kununua nyuzi na vifungo. Utajiri wangu uko ndani ya cherehani, ila bado umejificha."

Bibi aliweka kikombe chini. "Na huko kujifanya si kusema uongo?"

"Mama, mwenye mgahawa mwenyewe ndiye aliyeomba. Tunaficha sisi ni nani. Hatufichi tulichokiona."

"Haya," alisema bibi. "Basi salini kabla ya kutoka."

Walisali. Kisha shangazi akamweleza Chiriku kazi yake. Wangejifanya kwamba karanga zinamdhuru Chiriku. Mhudumu mzuri hajibu swali la namna hiyo kutoka kichwani. Huenda jikoni kumuuliza mpishi, maana mtoto ambaye karanga zinamdhuru akizila kwa bahati mbaya anaweza kuvimba koo na kushindwa kupumua. Shangazi angeketi akiupa mgongo mlango wa jikoni ili asishukiwe. Chiriku angeketi akiutazama.

"Una kazi moja tu," shangazi alisema. "Uone kama ataingia jikoni au hataingia."

Mgahawa ulikuwa na sakafu inayong'aa hata Chiriku akaona viatu vyake vikimtazama kutoka chini. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe na vigumu kwa wanga. Kwenye kila meza palikuwa na uma tatu, naye hakujua hata mbili zilikuwa za nini. Watu walizungumza kwa sauti ndogo kama wanaotembelea wagonjwa. Alihisi kila mtu anajua.

Mhudumu alikuja. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe, sauti ya upole. Shangazi akamwambia habari ya karanga. Kijana akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Chiriku.

"Dada mdogo, ni wewe karanga zinakusumbua? Pole sana."

Macho yale yalikuwa karibu mno. Chiriku aliona kama yanasoma ndani ya kichwa chake kwamba juzi tu alikula karanga bakuli zima. Aliinua menyu pana, akajifunika uso, akafumba macho. "Mungu wangu, asinijue," alinong'ona. Alibaki hivyo, akisikia damu ikigonga masikioni. Alipoteremsha menyu, mhudumu alikuwa amesimama pale pale.

"Sosi ya kuku haina karanga, mama. Mtoto ale bila wasiwasi."

Walikula. Chiriku hakusikia ladha ya kitu.

Baadaye, wakinawa mikono chooni, shangazi alihakikisha wako peke yao. "Enhe, aliingia jikoni?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: sikuona. Lakini uso wa shangazi ulikuwa kwenye kioo, ukingoja. Chiriku alifikiri kwamba akisema hivyo hataletwa tena, na kwamba gauni la buluu, nauli na chakula chote vitakuwa vimepotea kwa ajili yake. Isitoshe, alipofumbua macho kijana alikuwa pale pale.

"Hakuingia," alisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Jioni hiyo shangazi alijaza ripoti kwenye simu yake. Alisifu usafi, akasifu supu, na kwenye sehemu ya karanga akaandika: nimeona mhudumu akijibu bila kwenda jikoni.

Jumatatu, Chiriku alikuwa akifanya hesabu karibu na cherehani simu ilipolia. Mikono ya shangazi ilikuwa na kitambaa, kwa hiyo aliiacha simu iseme kwa sauti. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa kampuni.

"Mwenye mgahawa amekasirika sana," alisema. "Jambo la karanga kwake halina mzaha. Yule kijana amesimamishwa, na kesho jioni anaachishwa kazi moja kwa moja. Anaapa kwamba alikwenda jikoni. Mpishi anasema hivyo hivyo, lakini ni marafiki, hakuna anayewaamini. Nataka uthibitishe."

Shangazi aligeuka. "Chiriku, uliona kwa macho yako?"

Kalamu ilimteleza vidoleni. Kama angebadili maneno sasa, shangazi angeaibika mbele ya msimamizi.

"Niliona," alisema. "Hakuingia."

"Nathibitisha," shangazi akaiambia simu.

Kuanzia hapo hofu ilihamia kabisa ndani ya Chiriku. Chakula cha jioni kilikwama kooni, hata akawaza kwamba karanga zimekuja kumlipiza kisasi. Kila hatua iliyosikika nje ya mlango ilikuwa ya yule kijana, amekuja kuuliza kwa nini. Alipiga magoti kusali, lakini kila alipofika mahali pa kuomba msamaha alirudi mwanzo, kama mtu anayekwepa dimbwi.

"Chiriku wangu amemeza nini?" bibi aliuliza. "Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani."

"Nimechoka tu, bibi."

Asubuhi, njiani kwenda shule, mwanamume mwenye shati jeupe alivuka barabara mbele yake. Chiriku alijibanza nyuma ya gari lililoegeshwa mpaka alipopita. Alikuwa mtu mwingine kabisa, mzee mwenye kitambi.

Darasani, jirani yake wa dawati, ambaye walimwita Miwani, alimgusa kiwiko.

"Leo umekwisha chaji? Mwalimu atadhani umehama shule."

"Niache, Miwani."

"Aa, jirani, nilizoea redio. Leo nasikia mpaka tumbo langu."

Wakati wa mapumziko Chiriku alishindwa kujizuia. "Hivi mtu akisema ameona kitu ambacho hakukiona, halafu mwingine akafukuzwa kazi, inakuwaje?"

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa sketi. "Ni nani huyo anayefukuzwa?"

"Simjui. Sijui hata jina lake."

"Wewe humjui," Miwani alisema taratibu. "Lakini kwao wanamjua."

Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, Chiriku alikimbia. Alikimbia huku begi likimpiga mgongoni, akiomba jioni isifike kabla yake. Alimkuta shangazi akishona, bibi akikunja nguo zilizokwisha kushonwa.

"Shangazi, sikuona."

Cherehani iliendelea kulia. "Hukuona nini?"

"Mlango wa jikoni. Nilimwogopa yule mhudumu, nikajificha nyuma ya menyu, nikafumba macho. Labda aliingia. Labda hakuingia. Mimi sikuona."

Cherehani ikanyamaza. Bibi aliacha nguo mapajani.

"Vaa sweta," shangazi alisema hatimaye. "Tunatoka."

"Nami nakuja," alisema bibi.

Ofisi ya kampuni ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi zilinuka rangi mbichi. Katikati ya ngazi miguu ya Chiriku ilikataa. Aliwaza polisi, aliwaza pingu, aliwaza yule kijana amekaa ndani akimngoja. Bibi alimshika mkono, wakapanda pamoja.

Msimamizi alikuwa mama mnene, miwani kwenye ncha ya pua. Chiriku alieleza yote akitazama miguu ya meza. Alipomaliza, msimamizi hakumjibu yeye. Alimgeukia shangazi.

"Hapa umeandika 'nimeona'. Uliona?"

"Sikuona," shangazi alisema kwa sauti ndogo. "Niliazima macho ya mtoto nikayaita yangu. Kosa hili ni letu sote wawili."

Msimamizi aliinua simu, akampigia mwenye mgahawa.

"Ndiyo, mzee. Sehemu ya karanga tunaifuta. Hakuna aliyemwona kijana wako akikosea. Hapana, hakuna kabisa. Ripoti nzima hutailipia." Alisikiliza kwa muda mrefu. "Nashukuru." Akaiweka simu. "Kesho asubuhi anarudi kazini."

Chiriku alilia, kilio cha mtu aliyetolewa majini. Alipoweza kusema, alisema, "Naomba nimwone, nimwombe radhi."

"Haiwezekani, binti yangu. Akijua ninyi ni nani, atawajulisha wenzake, na kazi yetu imekwisha. Hatakujua maisha yake yote. Radhi hiyo utaiomba kwa Mungu." Kisha akamwambia shangazi, "Gharama ya chakula haitarudi, nawe sitakutuma popote mpaka mwaka uishe."

"Ni haki," shangazi alijibu.

Msimamizi alivua miwani. "Nisikilize, mtoto. Watu wanatulipa kwa sababu hatujulikani. Lakini anayesemwa na mtu asiyejulikana hawezi kujitetea. Hamwoni wa kumjibu. Kwa hiyo sisi inatupasa kuwa wakweli kuliko mtu anayesema hadharani. Ungesema 'sikuona', tungeandika 'haikuonekana', na sote tungelala usingizi. Kuogopa si kosa. Kosa ni kuiacha hofu ijibu kwa niaba yako."

Bibi alimwinua Chiriku kidevu. "Umesikia. Sasa sema neno lako, nasi tulisikie."

Chiriku alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Alisimama wima katikati ya chumba. Sauti yake ilitetemeka, lakini kila mmoja aliisikia.

"Mbele ya Mungu, mbele yako bibi, mbele ya shangazi na mbele yako mama msimamizi, naahidi. Nisichokiona nitasema sikukiona, hata kama naogopa."