Mto wa Sikuli kwenye Gari la Komanda

Wapo watu wanaosafiri kama washtakiwa wanaopelekwa kwa hakimu: roho mkononi, macho yametoka, chakula hakipiti kooni. Berthe hakuwa wa jamaa hao. Mwaka ule wa 2001, vita ikiwa imekata nchi vipande na kila kipande kina bwana wake, kila Jumatatu alipanda lori Butembo na viazi vyake vya Masereka, akaviuza Beni, akaendelea mpaka Mbau kutafuta mafuta ya mawese na mchele, na Ijumaa akarudi nyumbani bila kukunja uso. Wenzake walirudi wamevimba miguu, wanalaani. Yeye alirudi anauliza mumepika nini. "Berthe iko na dawa," wakasema. Dawa gani! Alikuwa na akili tu, na ukaidi mwingi.

Yeye na Sikuli walikutana parkingi ya malori ya Butembo, asubuhi, katikati ya makuli, moshi na harufu ya samaki wa chumvi. Asumani, mwenye lori aliyeliendesha mwenyewe, alikuwa ameshonesha upya kiti cha mbele. Berthe akapanda, akakaa, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, kisha akainuka kama aliyekalia siafu.

"Asumani! Nani alitengeneza hii kiti?"

"Ni miye," sauti ikajibu kutoka chini.

Akachungulia. Mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, penseli nyuma ya sikio, vipande vya nyuzi vimemganda suruali nzima. Huyo ndiye Sikuli, fundi wa viti na makochi, mtu wa mtaa wa Vulamba.

"Iko muzuri ya kuangalia," Berthe akasema. "Mais weye haujasafiri hata siku moja."

"Umejua namna gani?"

"Mugongo yangu njo imejua. Mousse, hii sponji, yote umeijaza katikati, pembeni hakuna kitu. Kwa kona ya kwanza, mutu anaangukia mapaja ya dereva."

"Fundi, usiguse!" Asumani akapiga kelele. "Uache vile vile!"

Watu wakacheka. Sikuli naye akacheka, lakini hakubisha. "Ni kweli, mama. Tangu vita ilianza sijatoka Butembo. Naogopa njia."

Alisema hivyo bila haya, na Berthe akamtazama vizuri zaidi. Pale parkingi kila mwanamume alikuwa simba, mpaka gari likipiga risasi ya moshi ndipo unawaona chini ya meza.

"Basi nifundishe," Sikuli akasema. "Mutu wa safari anataka nini?"

"Anakula kidogo mbele ya kupanda. Nguo ya kumubana anaiacha nyumbani. Viatu anavua. Habari ya njia hasikilize, sababu mwenye kuileta mara mingi hajafika kule. Chai ya tangawizi iko mu thermos. Na matako, unisamehe, ikuwe na amani. Matako ikipata amani, kichwa nayo inapata."

"Na woga je?"

"Woga napandaka nayo. Mais siipatie kiti."

Jumatatu iliyofuata Sikuli alimletea mto wa kukalia: mahameli ya kijani, kamba ya manjano imezunguka ukingo wote, pembeni mgumu, katikati laini. Mto kama ule haukuwahi kuonekana Butembo.

"Hii nimeishonea mugongo yako," akasema.

"Ulipima mugongo yangu siku gani?"

"Siku ulikuwa unaenda. Weye ulikuwa unaenda, mi nilikuwa naangalia."

"Mama yangu we!" Berthe alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikamtoka, na siku hiyo alifika Beni bila kujua kwamba barabara ilikuwa na mashimo.

Mapenzi yakashika. Kila Ijumaa Sikuli alimngoja parkingi na tricot, sweta ya kumvika, mkononi, kwa sababu baridi ya Butembo haimhurumii mtu aliyetoka kwenye joto la Mbau. Kila Jumatatu alimsindikiza uso umempauka.

"Chérie, siku moja utaniacha mujane."

"Hatujaoana. Utakuwa mujane wa nani?"

"Basi tuoane, nikuwe mujane wa ukweli."

"Ee! Na weye njo unaita ile kuchumbia?"

Lakini alikubali, na furaha ikamjaa mpaka akasahau kubishania bei ya viazi. Wazee wa Sikuli wakaahidi kufika Jumapili kwa Papa Ézéchias, baba mdogo wa Berthe, aliyemlea tangu baba yake afariki.

Jumatatu kabla ya Jumapili hiyo, lori la Asumani lilisimamishwa kwenye kizuizi kabla ya kuingia Beni.

"Bokita bino nyonso!" askari wakafoka kwa Kilingala chao. Wote wakashuka. Komanda alikuwa mgeni, hawakumfahamu. Alitembea huku na huku juani, uso umechacha, na nyuma yake kiti kizuri cha mbao kilikuwa kitupu. Akaamuru mizigo yote ishushwe, na kwamba hakuna atakayepita mpaka kesho. Kati ya abiria alikuwepo mama mmoja amebeba mtoto aliyewaka homa ya malaria, anampeleka hospitali. Yule mama akaanza kulia bila sauti. Asumani alikuwa akisoma dua chini chini.

Berthe naye aliogopa. Lakini alimtazama yule komanda kwa jicho la msafiri. Akaona anatembea miguu imetanuka. Akaona amekisogelea kiti mara mbili, amekishika, amekiacha. Kumbe! Yule mtu ana jipu, na liko mahali pabaya. Hakuna aliyethubutu kuliona. Berthe alijua jambo moja ambalo barabara ilimfundisha: mwenye kukaa vibaya hutawala vibaya.

Akaushusha mto wake, akamwendea, akautoa kwa mikono miwili.

"Chef, tafazali," akasema kwa sauti ya chini. "Hii coussin pembeni iko nguvu, katikati inaitika. Haigusake penye kuuma."

Mkono wa komanda ukaenda kwenye bastola. "Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Na hakuna mutu nitaambia."

Komanda akauchukua, akauweka kitini, akashuka polepole, polepole, meno yameuma mdomo. Kisha akapumua, pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa gunia. Uso wote ukamlegea.

"Mama, ozali na mayele," akasema, akimsifu kwa akili yake. "Bokende," akawaruhusu waende. Berthe alipogeuka, akaongeza kwa Kiswahili: "Na ile neno nikiisikia fasi yoyote, nitajua ni weye."

"Neno gani, chef?"

Mtoto akafika hospitali jioni ile ile. Berthe akalala Beni mgongo unauma na moyo mweupe.

Jumatano akaenda kwenye phonie, redio ile ya masafa ambayo watu wa Beni na Butembo waliitumia kuzungumza, kwani simu zilikuwa za wachache. Kwenye phonie hakuna siri. Mmoja anasema, anamaliza "à vous," anaachia kidude, ndipo mwingine ajibu. Na kibanda kizima kinasikia, na askari nao wanasikiliza kwenye mashine zao. Kasika, mwenye kibanda, alimpata Sikuli upande wa pili.

"Mupenzi, ni miye! Bazee banakuya kwa Papa dimanche? À vous."

Mikwaruzo. Kisha sauti ya Sikuli, kavu: "Habakuye. À vous."

"Juu ya nini? À vous!"

"Jana komanda moja alipita hapa Butembo na gari yake. Alikalia coussin ya velours, kijani, na kamba ya manjano. Nilishona ngapi kama ile? À vous."

"Aiii!" wakasema waliokuwa kwenye foleni.

Berthe akapima: neno moja tu la ukweli, na yule mwenye bastola atalisikia kabla ya Sikuli kuachia kidude.

"Nilimupatia. Mais siwezi kusema juu ya nini, hapa hapana. Ungoje vendredi nikirudi, tafazali. À vous."

"Bibi anatoa kitu ya bwana yake kwa komanda, na hawezi kusema juu ya nini? Donc ubakie kwake! À vous."

Damu ikampanda Berthe kichwani. "Sikuli, kama unanijuaka kwa coussin, uoe coussin! Terminé!"

Alitoka nje, akasimama nyuma ya kibanda, akalia. Alimpenda mwanamume yule, na alijiona amevuliwa nguo mbele ya Beni nzima. Kisha akajifuta kwa ncha ya kitenge. Kulia alikuwa ameshalia, sasa kazi.

Ijumaa habari zikaja kwamba risasi zimelia huko njiani. Wafanyabiashara wakaamua kubaki. Hata Asumani akakuna kichwa.

"Mama Berthe, tungoje kidogo."

"Weye ungoje kama unataka. Miye niko na bwana mwenye anapotea. Unaendesha ao nitafute mwingine?"

Asumani akawasha gari. Berthe alikula kidogo, akavua viatu, akanywa chai yake ya tangawizi, yote kama kawaida, na kwa mara ya kwanza hayakusaidia kitu. Alikaa roho juu mpaka Butembo. Njia, kwa rehema ya Mungu, ilikuwa wazi.

Akamkuta Sikuli katika karakana yake ya Vulamba, shati halijapigwa pasi, ndevu zimeota. Hakumsalimu.

"Komanda alikuwa na jipu."

"Jipu?"

"Kwa matako. Alikuwa hawezi kukaa, na juu ya ile alikuwa anataka kutulaza kwa njia, na mutoto wa mutu anakufa. Nikamupatia coussin, akatuachilia. Akasema nikitoboa ile neno ataniua. Na weye ulikuwa unataka nitangaze kwa phonie?"

Sikuli akakaa chini, juu ya vumbi la mbao. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akaficha uso.

"Na miye nilisema nini mbele ya batu bote!"

"Ulisema nibakie kwake."

"Unisamehe, Berthe."

"Bado. Juu ya nini haukungoja siku mbili?"

"Niliona ile coussin, nikasema wamekuua njiani, wameiba vitu yako. Kisha nikafikiri, labda amemupatia mwenyewe, yule komanda njo bwana yake. Na unajua? Nikafurahi. Afazali ukuwe wa mwingine kuliko kufa. Kisha njo nikakasirika." Akamshika mkono. "Chérie, acha safari. Sindano yangu itatulisha. Kila Jumatatu nakufa."

Hasira ya Berthe ikayeyuka pale pale, na kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Angeweza kumsamehe wivu. Hili je? Viazi na mafuta yale yalisomesha wadogo zake, na lori lile lilikuwa mahali pekee katika nchi ile ya mabwana wengi ambapo yeye aliamua mwenyewe.

"Nakupenda mpaka inaniuma," akasema. "Mais kama unatafuta bibi wa kufungia ndani, ununue mbuzi. Bazee bakuje dimanche ao basikuje, weye njo unajua. Mi nitaendelea kusafiri."

Akaondoka.

Jumapili baada ya misa, wazee wakaja na Sikuli. Sebule ya Papa Ézéchias ikajaa makoti. Berthe akawekwa nyuma ya pazia na mashangazi, kama desturi inavyotaka, na binti wa kuposwa hasemi kitu. Maneno ya mbuzi wa mahari yakaenda vizuri. Kisha Papa Ézéchias akakohoa, akatabasamu kama mtu anayetoa kitu kizuri mfukoni.

"Mukwe, tumesikia unaogopa ile njia ya Beni. Na siye tunaiogopa. Donc leo tunaikata. Siku unamuchukua, lori basi. Atakaa nyumbani. Ile ni zawadi yetu kwako."

Wazee wa Sikuli wakapiga makofi. Nyuma ya pazia Berthe akawaza: Sikuli akisema aksanti, imekwisha. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na alikuwa ameshakaza kitenge chake kiunoni. Angelia, lakini angeondoka.

Sikuli akasimama.

"Papa," akasema, "ile zawadi siitake."

"Namna gani?"

"Huyu mwanamuke nilimupenda akiwa anaenda. Woga ni yangu. Nitaibeba miye mwenyewe, hapana kumufunga nayo."

"Na njia ikimumeza?"

"Nitalia, papa. Sijui kama nitamaliza kulia. Mais nitalia bibi yangu, hapana mufungwa wangu."

Mjomba wake akamvuta shati akae. Papa Ézéchias alikuwa amechukia. Mkwe hakatai zawadi. Akasema polepole kwamba basi mambo haya yanataka kufikiriwa, wazee warudi mwezi ujao, au ule mwingine.

"Papa!" sauti ikatoka nyuma ya pazia, na mashangazi wakaruka. "Wasingya, papa, aksanti kwa yote, mais muitike leo! Kesho asubuhi niko na gari!"

Shangazi mmoja alimziba mdomo kwa kiganja, lakini alichelewa. Sebuleni wazee wa pande zote mbili walikuwa wanacheka hadi viti vinalia, Sikuli amejifunika uso kwa mikono miwili, na Papa Ézéchias, akijifanya bado amekasirika, akaagiza kasiksi, pombe ya ndizi ya kufunga maneno, iletwe upesi.